Mtuchapishie na sahani yenye matundu

Ndugu Mhariri,

Picha za galaksi mlizotoa kwenye ukurasa wa sayansi wiki iliyopita zilipendeza, ila zinatuonyesha maumbo tu. Nyota imeundwa na nini, galaksi iko mbali kiasi gani, hayo husomwa kwenye mwanga uliochanguliwa rangi zake. Rangi hizo hukatizwa na mistari myeusi: haidrojeni ina yake, chuma kina yake. Kwenye mwanga wa galaksi, kadiri mistari inavyosogea upande wa wekundu ndivyo galaksi ilivyo mbali.

Mimi nimeshika keekee miaka mingi, kwa hiyo nawaletea habari za karakana. Mradi wa Sloan ulianza kupima anga mwaka 2000, kwa darubini ya Apache Point, New Mexico, Marekani. Kioo chake kina upana wa mita 2.5 tu. Kila kipande cha anga kilitengenezewa sahani ya alumini, upana kama sentimita 80, ikatobolewa matundu 640 ya kuchomekea nyuzi za kioo, kila tundu palepale mwanga wa nyota au galaksi fulani utakapoangukia. Utoboaji ulifanyika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Na sahani ilipindwa kwanza ndipo ikatobolewa, ili matundu yaelekee mwanga unakotoka! Aliyewahi kutoboa bati lililopinda anajua keekee inavyoteleza. Hapo mafundi wenzangu nawapa heko.

Mchana watu walichomeka nyuzi hizo kwa mikono, tundu kwa tundu, ili zipeleke mwanga kwenye chombo cha kuuchangua rangi. Ndugu wa nyuzi za mkongo wetu wa taifa. Hawakuhitaji kukumbuka uzi upi umeingia wapi, kwani mashine ilizimulika baadaye na kujiandikia. Usiku, mamia ya galaksi yalipimwa kwa mpigo.

Mwaka 2005 wanasayansi wa mradi walitangaza hesabu ya galaksi zaidi ya 46,000: jozi za galaksi zilizoachana kama miaka nuru milioni 500 (mwaka nuru ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima) zilizidi kidogo idadi iliyotarajiwa. Ni alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Siku hizi roboti zimeshika kazi. Kule Kitt Peak, Arizona, tangu 2021 chombo kiitwacho DESI husogeza chenyewe nyuzi 5,000. Sina ugomvi nazo. Lakini sahani kadhaa za Sloan ziligawiwa shule na makumbusho, na picha zake zipo. Naomba mtuchapishie moja, kwa rangi, ukubwa uleule mliozipa galaksi.

Fundi wa karakana,
Gerezani, Dar es Salaam