Risala ya Klabu ya Elektrokemia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kuwa nasi.

Mheshimiwa, klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wanne; leo tuko kumi na tisa. Kazi yetu ni kuigeuza hewa ukaa kuwa kemikali zenye manufaa kwa kutumia umeme. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitumia kathodi, yaani ncha hasi ya umeme, iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, pamoja na kimiminika cha ayoni, yaani chumvi iliyo majimaji bila kuhitaji moto mkali. Volteji ya ziada, yaani ile inayozidi kiwango cha chini kinachohitajika, ikapungua sana, na zaidi ya asilimia 96 ya umeme ikaenda kutengeneza kaboni monoksidi, gesi ambayo ikiunganishwa na hidrojeni huzaa methanoli, aina ya alkoholi inayoweza kutumika kama nishati. Sisi nasi tumejenga kwa mikono yetu seli, yaani chombo ambamo umeme huigeuza hewa ukaa, na tukipitisha hewa ukaa mkondo wa umeme unapanda. Ni mafanikio makubwa ya kujivunia.

Lakini Mheshimiwa, hatujui tunachotengeneza. Maji yaliyomo ndani ya seli nayo hupokea umeme yakatoa hidrojeni, na kwa macho povu ni lile lile. Huenda tumefanikiwa, huenda tunapasua maji tu. Wa kutuamulia ni kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha gesi na kuzipima moja moja. Bila hiyo, kila ripoti yetu hurudishwa na swali moja: ushahidi uko wapi?

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza alisema limepokelewa. Wa pili alisema linafanyiwa kazi. Wa tatu alipiga picha na seli yetu, akaahidi kwamba mashine ingefika kabla ya muhula kwisha. Tunawashukuru wote kwa dhati. Meza tuliyoiandaa bado iko wazi, na waliosoma risala zile wamekwisha kuhitimu.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, kromatografu moja, hata iliyotumika, mradi ije na mitungi ya gesi yake na fundi wa kutufundisha. Pamoja nayo, king'ora cha kaboni monoksidi, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Hicho hakiwezi kungoja mgeni rasmi mwingine. Tutafarijika zaidi ukitutajia tarehe kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.