Hasira za shilingi 100

Mhariri,

Nauza viazi mviringo soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kila alfajiri napanda daladala kutoka Uyole. Jumanne iliyopita mzee wa heshima zake, koti la suti na mvi kichwani, alimkunja konda shati kwa ajili ya shilingi 100. Mia! Na kijana hakukataa kumrudishia. Alisema tu, "Shikamoo mzee, subiri kidogo natafuta chenji." Shikamoo yenyewe haikuitikiwa. Gari likasimamishwa pale Nanenane, wote tukachelewa, na mtoto wa shule aliyebanwa dirishani akaanza kulia.

Najua mtasema maisha magumu, na baridi ya huku Julai inakaza vidole. Lakini simu ya mzee huyo huyo ilipoita, sauti ikawa asali: "Ndiyo bosi, nipo njiani bosi." Kumbe breki anazo.

Nami si malaika. Mwezi uliopita nilimfokea mteja aliyekuwa akibonyezabonyeza viazi vyangu kama anachagua parachichi. Mama wa rika la dada yangu. Hakujibu neno. Alivirudisha kwenye sado kimoja kimoja, akakung'uta udongo mikononi, akaenda meza ya jirani. Tangu siku hiyo akipita kwangu anatazama pembeni. Nimemwekea sado moja chini ya meza, na viazi vyenyewe vimeshaanza kuchipua.

Mama muuza viazi,
Mwanjelwa, Mbeya