Kabla hujaifunga hiyo strati baa

Swahiba wangu,

Ujumbe wako ulinikuta nimeshalala, nikausoma, usingizi ukapaa. Si kwa ubaya. Ni ile picha uliyonitumia ya strati baa, kile chuma chekundu cha kuunganisha vichwa vya shokapu mbili za mbele chini ya boneti, kinang'aa kama pete ya harusi, na chini yake swali lako: nifunge au nisifunge? Mtu mwingine angekujibu neno moja ukalala na wewe. Mimi swali hilo limeshanila pesa, kwa hiyo utavumilia barua ndefu.

Jina lenyewe lilitakiwa linishtue mapema. Baa, katika lugha yetu, ama ni pa kunywea ama ni balaa. Hii yangu haikuninywesha kitu. Balaa lake nitakusimulia, lilikuwa dogo lakini la aibu.

Kwanza fungua boneti. Kulia na kushoto kwa injini utaona bati limetuna kama vichuguu viwili, kila kimoja na nati tatu zimekizunguka juu. Chini ya kila kichuguu ndipo kilipojifunga kichwa cha shokapu pamoja na springi yake. Mtindo huu ni wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeanza kuuchora miaka ya 1940 akiwa General Motors, kisha akahamia Ford na ujuzi wake. Akili yake ilikuwa kupunguza vyuma. Mitindo mingine hulishika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini; yeye akauacha wa chini peke yake, na kazi ya ule wa juu akaitwisha shokapu. Ndiyo maana magari madogo mengi yanao mbele: ni rahisi kutengeneza na unabakiza nafasi ya injini iliyolazwa kwa upana.

Sasa ona kilichofuata. Kwa kuwa shokapu imegeuzwa mkono, kile kichuguu hakibebi tena uzito wa gari tu. Ukikata kona, lami inaisukuma tairi ubavu, na sehemu ya nguvu hiyo inapanda na shokapu hadi kwenye bati. Upande wa nje wa kona unaelemewa kuliko wa ndani, kwa hiyo kichuguu kimoja kinavutwa na kingine kinabaki nyuma. Katikati yake hamna cha kuvishikanisha juu. Injini? Injini yenyewe imekalia mipira.

Strati baa ni mtambaapanya. Unaujua ule mti unaolazwa kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, kuta zisiachane wala zisiinamiane. Ndiyo kazi yake yote, hakuna siri nyingine. Gari lako lingekuwa na mikono miwili mbele, ningekwambia uache mara moja, maana huko nguvu za ubavu zinapita kwenye mikono na shokapu haina mzigo mkubwa wa kona.

Umeandika kwamba unataka gari "liache kulala kwenye kona." Hapo ndipo nilipokaa kitandani. Kulala kwa gari kunazuiwa na springi na stablaiza, kile chuma kilichopinda huko chini kinachofunga upande mmoja na mwingine. Strati baa haihusiki. Funga tatu kama zitaingia, gari litalala vilevile.

Na huko kucheza kwa vichuguu tunakokuhangaikia, ni kwa kipimo cha milimita. Ukuta wa tairi yako unanyumbuka kuliko hapo. Bushi iliyochoka, ule mpira wa kwenye maungio ya mkono wa chini, inanyumbuka kuliko hapo, tena kila ukigusa breki.

Nikwambie ya kwangu. Niliifunga Ijumaa jioni, Jumamosi nikatoka nayo, na naapa niliihisi. Usukani mkali, mbele pamekaza, gari limekuwa jipya. Nilimsimulia kila mtu. Miezi michache baadaye nikawa nabadilisha plagi mwenyewe, na hiyo baa ilikuwa imepita juu kabisa ya kifuniko cha injini, soketi ndefu haipiti. Nikaifungua, nikaiegemeza nyuma ya mlango wa stoo, nikafanya kazi yangu, nikarudisha nati zote sita kwenye vichuguu nikazikaza vizuri kabisa. Nikanawa mikono. Wiki tatu nikaendesha. Ndani ya hizo wiki tatu nilimpa mwenzangu lifti, tukapita mzunguko mmoja mpana kwa mwendo kidogo, nikamgeukia: "Unaona linavyoshika? Ile baa hiyo." Akatikisa kichwa kwa heshima. Jumapili iliyofuata naingia stoo kutafuta ufagio, naikuta imesimama nyuma ya mlango, imeshaanza kupata vumbi.

Hadi leo yule mwenzangu sijamwambia.

Sisemi kwamba ni chuma cha uongo. Nimewahi kukaa kwenye gari lenye springi ngumu na tairi pana laini za mashindano, bodi yake kuukuu, likirushwa kushoto kisha kulia bila kupumua. Tuliliendesha lina baa na bila baa siku hiyohiyo, na pale usukani unapogeuzwa ghafla kurudi upande wa pili tofauti ilikuwepo; pua ya gari iliitika upesi kidogo. Lakini tairi zile zilikuwa zinang'ang'ania lami kiasi cha kulitesa bati. Wewe unapeleka watoto shule, unakwenda kazini, unarudi na mzigo nyuma. Bati lako halijafika mahali pa kulalamika.

Sasa hayo malalamiko yako. Nimeyasoma mara mbili: mbele panalegea, usukani haurudi wenyewe vizuri, na kuna "ko" moja kavu ukipanda tuta polepole. Hayo, swahiba, si maneno ya bati. Hebu fanya hivi kesho asubuhi injini ikiwa haijapata joto. Mwombe shemeji akae kwenye usukani, azungushe taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Wewe weka kiganja juu ya kichwa cha shokapu, pale katikati ya kichuguu. Kikiwa kizima utasikia mzunguko laini tu. Kikiwa kimekufa kitajikaza, kisha kiruke mkononi mwako, na pengine springi italia kama uzi wa gitaa uliovutwa ukaachiwa. Hiyo ni maunti ya shokapu, kile kikalio cha kichwa chake, na beringi yake, na ukiikuta hivyo umepata nusu ya jibu la usukani usiorudi. Ile "ko" nayo mara nyingi ni linki, kile kijichuma kinachoishika ncha ya stablaiza, au boljointi, kile kiungo cha mviringo kwenye ncha ya mkono wa chini. Mpelekee fundi alinyanyue gari atie mtaimbo kwenye mkono wa chini, aone bushi zinavyofunguka.

Halafu inama kwenye tairi. Pembeni, mwishoni mwa ule mstari wa herufi DOT, zitafute tarakimu nne zimezungushiwa duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3517, tairi hiyo ilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2017. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu, itabidi ulale chini na tochi. Tairi inaweza kuwa na kashata, yale meno ya kukanyagia lami, nzuri bado na mpira wake umeshakuwa gome la mti. Pima pia upepo, tairi zikiwa zimepoa, kwa namba ya kile kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa namba iliyochapwa kwenye tairi. Ile ni kikomo cha tairi. Mimi nilishawahi kulalamikia usukani mwezi mzima, kumbe tairi moja ya mbele ilikuwa na upepo nusu ya mwenzake.

Ukishabadilisha chochote hapo chini, peleka alaimenti, wapime na kunyoosha pembe za tairi. Usiirushe hii ukasema ulishapeleka mwaka jana.

Najua wewe. Utayafanya yote hayo na bado ile nyekundu itakuwa inakuita. Haya. Kupenda kitu kwa sababu kinapendeza chini ya boneti ni sababu halali, ili mradi usimdanganye shemeji kwamba ni kwa usalama wa watoto. Basi uinunue kwa macho.

Ile uliyonitumia picha ina mambo mawili nisiyoyapenda. Imepinda katikati kama upinde ili iruke injini, na kitu kilichopinda ukikisukuma ncha mbili kinazidi kupinda; ufito ulionyooka ndio unaosukumana kwelikweli. Pili, kwenye kila ncha imeungwa na bamba la kukalia kichuguu kwa bolti moja kama bawaba. Bawaba ikikazwa sana bado inaweza kusukuma na kuvuta, lakini yale mabamba membamba yatakuwa yananyumbuka yenyewe wakati wewe unahesabu kazi imefanyika. Tafuta iliyochomelewa kipande kimoja, imenyooka kadiri injini inavyoruhusu. Usihadaike na aluminiamu kwa sababu ni nyepesi: kwa umbo na unene uleule, aluminiamu inanyumbuka karibu mara tatu ya feleji. Ya aluminiamu nzuri utaijua kwa unene wake.

Kuifunga ni kazi ya nusu saa, lakini kuna sehemu mbili za kuogopa. Ile nati kubwa ya katikati, iliyokaa juu ya ufito wa shokapu, usiiguse hata kwa bahati mbaya. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na springi hiyo ikifyatuka inaweza kumuua mtu. Wewe shughuli yako ni zile tatu za pembeni, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, si juu ya jeki.

Ya pili ni urefu wa bolti. Zile bolti zilikatwa kiwandani kwa ajili ya nati peke yake. Ukilaza bamba la milimita nne au tano juu yake, umeila bolti. Nati ikishakazwa, ncha ya bolti lazima iwe imechomoza juu, walau meno mawili yaonekane. Ikizama ndani ya nati, rudisha hilo bamba ulikolitoa. Na nati zenyewe ni ndogo, hazitaki mabavu wala bomba la kuongezea spana. Tumia spana ya kupimia nguvu na namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako.

Kama ni ile yenye kizungusho cha kuirefusha, ikaze mpaka ichukue tu, uache. Kuna watu wanaizungusha mpaka vichuguu vinalia, eti ndiyo inafanya kazi. Wanachofanya ni kusukuma vichwa vya shokapu kutoka mahali pake na kuharibu pembe ya tairi waliyoilipia kwenye alaimenti.

Kisha boneti. Bandika madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya hiyo baa, shusha boneti taratibu, fungua, uangalie yamebaki unene gani. Likibanwa likawa kama karatasi, ujue injini ikitikisika utasikia bati likigongwa, na rangi italika kutoka ndani.

Ah, na bima. Waambie umeongeza kitu. Ni simu moja tu, na afadhali waisikie kwako kabla ya kuikuta wenyewe kwenye picha za gari lililogongwa. Jua pia kwamba umefunga kichuguu na kichuguu. Ukigongwa kona moja ya mbele vibaya, ule mtambaapanya unaweza kulipelekea pigo bati la upande wa pili, ambalo lingebaki zima.

Kwa hiyo usilipe bado. Kesho nitumie tarakimu za tairi zote nne, na uniambie kiganja chako kilihisi nini shemeji alipozungusha usukani. Ikiwa ni maunti, nitakuja Jumamosi tuzibadilishe pamoja, nina vibanio vya springi. Yangu bado iko nyuma ya mlango wa stoo, ukitaka kuishika uone unene. Mtoto wangu mdogo anaitumia kuzuia mlango upepo ukivuma.

Msalimie sana shemeji, na watoto.

Wako wa siku zote.