Barua ya Wazi kwa Mliojiunga na Mbio Mwezi Huu

Wanangu, na akina mama mliokuja pamoja nao,

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukijipanga kuelekea Uwanja wa Benjamin Mkapa, nilihesabu watu 19 ambao sijawahi kuwaona kundini. Nilifurahi sana. Lakini nimeziona Januari nyingi Temeke hii, na ninajua kwamba tukiwapokea kwa namna tuliyoizoea, mvua za masika zitakapoanza mwezi Machi huenda tukabaki na watatu tu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kila mwaka tunasema walioacha walikuwa wavivu, na mimi sikubali. Mtu aliyedamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa raba na kutoka nje gizani, si mvivu. Anaacha kwa sababu siku ya kwanza tulimkimbiza kwa mwendo wetu, akarudi nyumbani amebanwa na kichomi, kesho yake akashindwa hata kushuka ngazi, na tangu hapo mwili wake ukazichukulia mbio kuwa adhabu.

Naomba mlielewe vizuri jambo linalofuata, kwa kuwa ndilo linalowaangusha hata wale wenye bidii. Moyo na mapafu huzoea mbio mapema, pengine ndani ya wiki chache, ilhali mifupa na kano za miguu huhitaji miezi. Kwa hiyo, ifikapo wiki ya nne hivi, pumzi inakuwa imepatikana na mtu anajiona ameiva, kumbe miguu yake bado ni ya mgeni. Hapo ndipo mimi nilipoharibikiwa mwaka 2011, nilipoongeza umbali maradufu ndani ya wiki moja kwa kuwa nilijisikia mwepesi, nikaumia mfupa wa muundi wa mguu wa kulia, na kwa kuwa niliendelea kukimbia juu ya maumivu hayo kwa kuona aibu mbele ya wenzangu, nilikaa miezi saba bila kukimbia hata hatua moja.

Basi anzeni na kidogo kuliko mnavyoweza. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kila moja ikifuatiwa na siku ya kupumzika. Tembeeni dakika tano, kisha kimbieni dakika moja na kutembea dakika mbili, mkirudia hivyo mara nane, halafu mmalizie kwa kutembea. Msipunguze dakika za kutembea mpaka zoezi lote liwe jepesi, hata kama itachukua mwezi mzima. Kipimo cha mwendo mnacho tayari, nacho ni nyimbo zetu: ukiona umeshindwa kuitikia, unakwenda kasi mno. Hata Iten, kule Kenya wanakojifunzia mabingwa, mazoezi mepesi ya asubuhi huanza polepole kiasi cha kumshangaza mgeni.

Wengi wenu mmeniambia mlivutiwa na Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025. Mfuateni, lakini itazameni safari yake yote, msiishie kwenye siku ile moja. Alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia ikaja miaka minane baadaye. Kwa sababu hiyo ninawasihi msinunue namba ya kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mwaka huu. Pale Moshi zipo pia kilomita 5, na zinamtosha mtu wa miezi miwili.

Siku ya mazoezi ifungeni kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya. Wapo wanaotoka mara baada ya swala ya Alfajiri, na wapo wanaokimbia kabla ya kuamsha watoto wa shule. Mvua ikizuia asubuhi, tokeni jioni. Siku ikipotea kabisa, iacheni ipotee, msiilipe kwa kukimbia mara mbili kesho yake. Akina dada wasitoke peke yao gizani. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyevuka miaka 40 bila kupimwa, aonane na daktari kwanza, na atakayehisi maumivu ya kifua asimame papo hapo na kutuambia.

Kwenu wenzangu wa siku nyingi, nina ombi moja. Kijana akianza kutembea, asiwepo wa kumpigia makofi ya kejeli wala kumvuta mkono. Inaniuma kukumbuka kwamba wapo tuliowapoteza kwa kicheko.

Jumamosi hii tutaondoka Tandika saa kumi na moja na nusu. Mbele wataongoza wenye mwendo wao. Mimi nitakaa nyuma kabisa na saa yangu, nikihesabu dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, na wageni wote 19 nitawangoja hapo.

Mzee wenu