Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumeagana na setilaiti tatu za hali ya hewa za Marekani zilizotufundisha kazi ya kupokea picha za mawingu. NOAA-18 ilizimwa mwezi Juni, na Agosti zikafuata NOAA-19 na NOAA-15, ambayo ilikuwa angani tangu Mei 1998. Wengi wenu mlipokea picha yenu ya kwanza ya mawingu kutoka huko. Nimehuzunika, na sioni haja ya kuficha.

Kamera zao hazikupiga picha nzima kwa mpigo. Kioo kilizunguka mara sita kwa sekunde, kikiisoma dunia mstari kwa mstari, na mwendo wa setilaiti yenyewe ukaleta mstari unaofuata. Kati ya mistari hiyo, miwili kwa sekunde ilirushwa kwenye masafa ya redio ya megahezi 137 na ushee: mchana mwanga wa jua pamoja na mionzi ya joto, usiku joto tupu. Mwanafunzi mwenye antena ya nyaya mbili na kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta aliyaona mawingu ya Bahari ya Hindi bila kumwomba mtu wala kununua bando.

Sasa tumehamia Meteor-M za Urusi, 2-3 na 2-4. Antena ni zilezile, na picha zina undani zaidi: kilomita moja kwa nukta, si nne tena. Ugumu ni kwamba mawimbi yake ni ya kidijitali. Zamani yakidhoofu picha ilijaa chenga, lakini wingu ulilitambua. Sasa mistari inapotea kabisa. Kwa hiyo tafuteni waya mzuri na mahali pa wazi kwanza, mengine yafuate.

Hata hivyo, Meteor hutupitia mara chache kwa siku, na wingu la radi huweza kuzaliwa na kwisha katikati ya zamu hizo. Hapo tunategemea Meteosat-9, setilaiti ya Ulaya inayobaki mahali pamoja juu ya Ikweta, nyuzi 45.5 mashariki, inayotupiga picha kila dakika 15 kwa mikanda 12 ya mionzi. Picha zake tunazichukua intaneti. Kuzipokea wenyewe kunahitaji dishi kubwa.

Mweka hazina atasoma hesabu. Pendekezo la kamati ni kwamba fedha zilizopo zinunue vipokezi vya shule kabla ya dishi, na ninaomba mkutano uliidhinishe leo.