Kwa Athumani, kuhusu kuuzwa kwa wachezaji Chama na Miquissone

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu Athumani,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nakushukuru kwa kuniandikia kwa kirefu juu ya jambo ambalo kila tukikutana hatulimalizi. Unasema kwamba viongozi wetu wa Simba walifanya biashara nzuri mwaka 2021, walipomuuza kiungo Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco na winga Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri katika dirisha moja la usajili. Ushahidi unaoutoa ni kwamba Chama hakumaliza hata msimu mmoja Morocco, akarudi Msimbazi, kwetu Simba, Januari 2022, na kwamba Miquissone hakupata namba ya kudumu Cairo, akatolewa kwa mkopo Saudi Arabia, naye akarejea kwetu mwaka 2023. Kwa hiyo, kwa maoni yako, tuliuza ghali kitu ambacho thamani yake ilikuwa ndogo.

Sikubaliani nawe, na nitakueleza kwa nini. Alichokifanya mchezaji baada ya kuondoka kinaonyesha kama mnunuzi alipata faida au hasara, lakini hakionyeshi sisi tulipoteza nini. Thamani ya Miquissone kwa Al Ahly, klabu yenye mawinga wa kila aina, haiwezi kuwa sawa na thamani yake kwa Simba, ambako timu nzima ilikuwa imepangwa ili mpira umfikie akiwa na nafasi ya kukimbia. Kumbuka ile Februari 2021 pale Uwanja wa Mkapa, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Al Ahly wakiwa mabingwa wa Afrika: shuti la Miquissone lilimpita kipa wao Mohamed El Shenawy, tukashinda 1-0, na baadaye tukaongoza kundi hadi robo fainali. Bao lile halikuwa la bahati. Chama alikuwa na tabia ya kuuficha mpira kwa mwili, akisubiri beki amfuate, na Miquissone alikwisha kuizoea subira ile kiasi kwamba alianza kukimbia kabla pasi haijatoka mguuni. Katika mikataba ya mauzo, kila mmoja aliandikiwa bei yake. Maelewano yao hayakuandikiwa bei na mtu yeyote, ingawa ndiyo yaliyotufikisha tulikofika.

Sasa tazama gharama. Oktoba 2021 tulikwenda Botswana tukawafunga Jwaneng Galaxy 2-0, na kila mmoja wetu akaamini kwamba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa tumekwisha kuifikia. Kwenye marudiano Dar es Salaam tuliongoza hadi mapumziko, kisha kipindi cha pili tukaruhusu mabao matatu na kutolewa kwa sheria ya bao la ugenini: jumla ilikuwa 3-3, lakini wao walifunga mabao mengi zaidi ugenini. Kilichoniumiza siku ile ni kwamba, mabao yalipoanza kuingia, hakuwepo mtu wa kuushika mpira katikati ya uwanja, kuupoza mchezo na kuwapa wenzake pumzi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Chama. Tukaangukia Kombe la Shirikisho, shindano la ngazi ya chini yake, na kuishia robo fainali kwa penalti mbele ya Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Kwa viwango vya zawadi vya CAF, shirikisho la soka la Afrika, vya wakati ule, robo fainali ya Shirikisho ilikuwa dola 350,000, ilhali timu iliyofika makundi tu ya Ligi ya Mabingwa, hata kama ingeshika mkia, ilipata dola 550,000. Hapo sijahesabu viingilio, wala ubingwa wa ligi ambao Yanga waliuchukua msimu huo baada ya sisi kuushikilia kwa misimu minne mfululizo. Ukitaka kujua tuliuza kwa bei gani, toa kwanza hasara hizo.

Wala sisemi kwamba Peter Banda na Pape Sakho, waliosajiliwa msimu ule, walikuwa wachezaji dhaifu; Sakho alitupa mabao mazuri sana. Tatizo ni kwamba walikabidhiwa majukumu ya wenzao kabla hawajazoeana na wenyeji wao.

Hata hivyo, nisingependa unielewe kuwa napinga kuuza. Chama alikuwa amefikisha miaka 30 Juni 2021, na bei ya kiungo wa umri huo hushuka kila dirisha linapofunguliwa. Isitoshe, mchezaji anapoingia miezi sita ya mwisho ya mkataba wake, kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, na klabu yake ikabaki mikono mitupu. Tuliliona hilo mwaka 2024, Chama huyo huyo alipomaliza mkataba wake na kuvuka kwenda Jangwani, kwa Yanga, bila Simba kupata ada ya uhamisho. Maumivu ya siku ile unayajua. Ndiyo maana naamini kwamba mwaka 2021 ilikuwa sahihi kumuuza Chama, na ilikuwa makosa kumwachia pamoja naye Miquissone, aliyekuwa na miaka 26 na ambaye angeweza kubaki msimu mmoja zaidi ili timu ijengwe upya kumzunguka.

Watani wetu Yanga, lazima tuwape haki yao, walilifanya jambo hili kwa utulivu zaidi. Mshambuliaji wao Fiston Mayele aliwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kuwa mfungaji bora wa mashindano, nao wakamuuza kwa Pyramids ya Misri katika dirisha lililofuata, jina lake likiwa juu kabisa. Lakini kiungo Stephane Aziz Ki walimbakiza, akafunga mabao 21 ya ligi msimu uliofuata, na Yanga wakatetea ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mayele alikwenda kung'ara huko, hata akafunga katika fainali ya mwaka 2025 iliyowapa Pyramids ubingwa wa Afrika. Kwa kipimo chako, Yanga walipunjwa. Je, kweli walipunjwa?

Tena, usiitaje bei bila kuuliza fedha zinalipwa lini. Mshambuliaji wetu Emmanuel Okwi tulimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, watu wakashangilia, kisha fedha zikachelewa hadi shauri likafika FIFA. Ofa ndogo inayolipwa yote kabla ya kibali cha uhamisho kutolewa ina uzito kuliko ofa kubwa ya awamu nyingi.

Ukinijibu, naomba uniambie jambo moja: kama ungekuwa mezani Agosti ile ya 2021, na ukaruhusiwa kumbakiza mmoja tu kati ya wawili wale, ungemzuia nani?

Nduguyo,
Selemani