Mjomba, usiizime ile filamu kwa sababu ya ukorofi wa steringi

Shikamoo mjomba,

Mama ameniambia kwamba ile filamu niliyokuwekea kwenye flashi, A Complete Unknown, uliizima katikati. Umesema kijana anajisikia, hana shukrani, na kwamba angekuwa kwenye bendi yenu asingemaliza mwezi. Kuhusu tabia yake sikubishii. Ninaandika hadharani kwa sababu hauko peke yako: hapa Magomeni karibu kila niliyezungumza naye kuhusu filamu hii ananiambia hayohayo, nami ninaona mnamlaumu mwigizaji kwa kazi aliyoifanya vizuri kupita kiasi.

Timothée Chalamet anamwigiza Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani, kuanzia 1961, alipoingia New York akiwa hajulikani na mtu, mpaka 1965. Anaimba mwenyewe na kupiga gitaa mwenyewe. Filamu ilicheleweshwa na korona, ikaja kucheleweshwa tena na mgomo wa Hollywood, akapata zaidi ya miaka mitano ya kujinoa. Wewe unajua miaka mitano inavyobadilisha vidole vya mpiga gitaa.

Ila mimi sikushikwa na sauti wala vidole. Nilishikwa na jinsi asivyojipendekeza kwetu. Mwigizaji akipewa mtu mkorofi, mara nyingi hutafuta upenyo wa kumwombea msamaha: chozi la usiku wa manane, au kumbukumbu ya utoto wa mateso. Chalamet hatafuti. Anaulizwa alikotoka, anadanganya eti alizunguka na watu wa maonyesho ya sarakasi, na hata anapobanwa uso haumshuki. Mwanamke anamsemesha, macho yake yako kwenye karatasi ya wimbo. Ni mtu ambaye kitu pekee anachokisikiliza kwa moyo wote ni muziki. Kumbuka pale mwanzoni, hospitalini, anapomwimbia Woody Guthrie, mwimbaji anayemhusudu, aliyekwisha kupooza ulimi kwa maradhi. Pale ana adabu zote. Hiyo adabu ndiyo hutaiona tena akiwa na watu wenye afya zao, na mwigizaji ameipima kwa makusudi.

Halafu, mjomba, ukishindwa kumtazama yeye, watazame wanaoumizwa naye. Elle Fanning anamwigiza Sylvie, mpenzi wake, na mhusika huyo ametokana na Suze Rotolo wa kweli. Kuna mahali amesimama pembeni ya jukwaa, Dylan na mwimbaji mwenzake Joan Baez wanaimba pamoja kwenye maikrofoni moja. Hakuna anayemwambia kitu. Anawatazama tu wanavyopokezana maneno, na taratibu unaona anaelewa kwamba kinachopita kati ya wale wawili hakina nafasi ya mtu wa tatu. Machozi yanamlenga, anaondoka zake. Kazi yote ile ni ya uso, na isingewezekana kama Dylan angekuwa mtu wa kupendeka, kwa sababu tungekuwa tunamhurumia yeye.

Monica Barbaro, anayemwigiza Baez, yeye halii. Anamtoa chumbani kwake usiku bila kumbembeleza. Nilifurahi sana.

Umeizima kabla ya tamasha la nyimbo za asili la Newport la 1965, na hapo ndipo Edward Norton angekuumiza. Yeye ni Pete Seeger, mzee wa nyimbo za asili, ndiye aliyempokea kijana nyumbani kwake. Tarehe 25 Julai 1965 kijana anapanda na gitaa la umeme mbele ya watu waliokuja kusikia gitaa kavu. Najua hupendi tarehe zikichezewa, basi nikutahadharishe: kelele ya “Yuda” ilipigwa Manchester mwaka 1966, mwongozaji James Mangold kaihamishia Newport. Lakini tazama uso wa Norton wakati watu wanazomea. Anajua analishwa uchungu na mtoto aliyemlea, na bado anasikia kwamba mtoto anapiga kitu kikubwa. Macho yanamwendea kwenye mashoka yaliyo karibu, na mkewe Toshi anasimama mbele yake bila kusema neno. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar nane, za Norton na Barbaro zikiwemo, ikarudi mikono mitupu. Mimi Norton ningempa.

Ninakung'ang'ania kwa sababu ya ile hamu yako ya kuona filamu ya Mbaraka Mwinshehe, ya Marijani Rajab, ya Dar ile ya muziki wa dansi. Nami ninaitaka. Ila ninaogopa tutawatengenezea watu safi, wanaotabasamu mpaka kwenye ugomvi, kwa sababu marehemu kwetu hasemwi vibaya na familia zipo. Kijana atakayeigiza atajifunza gitaa, atavaa suruali ya bugaluu, halafu atanyimwa mtu wa kumwigiza.

Na wewe uliyeishi ndani ya bendi unazo habari zote. Ulinisimulia habari ya mwimbaji aliyehama usiku kwenda bendi nyingine na kuwaacha wenzake na ukumbi uliojaa, na ukaishia kusema hakuna aliyewahi kuimba kama yeye. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumwona kwenye skrini. Nitakuja Jumapili na kompyuta, tuanzie pale ulipoizima. Nikikuuliza habari zake, usinifichie jina.